Betri, Sola na Redio ya Vita

Redio ya jeshi haikuundwa ikae karibu na soketi ya ukutani. Iliundwa ipachikwe ndani ya kifaru au lori, inywe umeme wa betri, itikiswe mchana kutwa, ipigwe vumbi na mvua, na bado anayezungumza asikike upande wa pili. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba nyumba ya hapa Misikhu, kwenye barabara ya Webuye hadi Kitale, yenye betri kando ya kabati na paneli ya sola juu ya mabati inaifaa redio ya vita kuliko ghorofa la Nairobi. Wengi wanaopata redio hizi hukimbilia kutafuta transfoma ya kuziunganisha na umeme wa volti 240, na huko ndiko nyingi huungulia.

Redio nitakayoizungumzia zaidi katika sura hii ni Seti Na. 19 ya Waingereza. Kampuni ya Pye ya Cambridge iliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya vifaru, na viwanda vya Kanada navyo vikaiunda kwa wingi. Nyingi za Kanada zina maandishi ya Kiingereza na Kirusi usoni, kwa sababu sehemu yake ilipelekwa kwa jeshi la Kisovieti, mshirika wa Uingereza wakati ule. Kwa hiyo ukikutana na sanduku zito la chuma lenye herufi za Kirusi, usiharakishe kusema limetoka Urusi.

Ndani yake mna redio mbili na simu ya ndani. Redio ya kwanza hufanya kazi kati ya megahezi 2 na 8, kwa sauti au kwa alama za Morse. Ya pili iko juu sana, karibu megahezi 235, na ilikuwa ya kuzungumza na kifaru cha jirani tu. Simu ya ndani ni ya askari walio katika gari moja, ambao mngurumo wa injini haukuwaruhusu kusikilizana kwa mdomo. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, seti hizi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na wapenzi wa redio wa nchi nyingi walijifunzia ufundi juu yake. Hilo ndilo lililonifanya niichague: michoro yake ipo, vitabu vyake vya matengenezo vipo, na magonjwa yake yanajulikana yote.

Watu wetu waliijua teknolojia hii mapema kuliko vitabu vingi vinavyokubali. Askari wa KAR (King's African Rifles) waliondoka Kenya wakaingia Somalia na Ethiopia mwaka wa 1941, wakapelekwa Madagaska 1942, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikateremka bonde la Kabaw, Burma, mvua za monsuni zikinyesha. Desemba ya mwaka huo ilifika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Divisheni nzima haiendi mwendo huo msituni bila simu ya upepo, na Waafrika walikuwa miongoni mwa waliofundishwa Morse, waliobeba mitambo na waliochaji betri. Historia za vita zimejaa majina ya majenerali. Mshika hedifoni aliyekaa macho usiku kucha akinakili nukta na mistari hatajwi, na mimi naona kuitengeneza redio yake ni namna moja ya kumpa haki yake.

Burma pia iliacha alama ndani ya mitambo yenyewe. Unyevu na ukungu viliharibu vifaa kwa kasi, viwanda vikaanza kupaka sehemu za ndani vanishi ya kuzuia kuvu. Ukifungua seti iliyopakwa hivyo utaona waya na resista zimefunikwa ngozi nyembamba inayong'aa. Ikwangue taratibu kwa ncha ya kisu mahali unapotaka kulehemu, la sivyo risasi haitashika, utabaki unaunguza waya bure. Ukishamaliza, paka tena vanishi kidogo. Huku kwetu chini ya Mlima Elgon mvua nayo haina mzaha.

Sasa tuifungue. Usiiwashe kwanza, hata kama aliyekuuzia anaapa kwamba ilikuwa ikifanya kazi. Redio iliyolala miaka mingi stoo hukutwa na viota vya udongo vya nyigu kwenye matundu ya hewa, mavi ya panya juu ya chasisi, na kutu iliyoanzia pale mabati yalipovuja. Piga brashi laini ya rangi, futa, kisha kagua waya. Nyaya za wakati ule zilivikwa mpira, na mpira uliozeeka hukauka ukawa kama gome la mti mkavu: ukiukunja kidogo, unapukutika na kuacha shaba tupu. Usizikunje zote kwa wasiwasi wa kutaka kujua. Zile za ndani zisizosogezwa ziache zilipo, na zile zinazotoka nje kwenda kwenye betri na hedifoni zibadilishe bila huruma, kwa maana ndizo zinazovutwa na kukanyagwa.

Baada ya waya, zamu ni ya kapasita, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Kapasita za zamani za karatasi hunyonya unyevu na kuanza kuvuja umeme. Zilizo nyingi zikivuja kidogo redio hupoteza nguvu tu. Lakini kuna moja ambayo uvujaji wake unaua. Ni ile inayopitisha sauti kutoka valvu moja hadi gridi ya valvu inayofuata. Upande mmoja ina volti zaidi ya mia, upande wa pili inapaswa kuwa na sifuri au hasi kidogo. Ikivuja, gridi inapata volti chanya, valvu inafunguka wazi, mkondo unapanda, na kabla hujanusa harufu ya moto, valvu na transfoma ya sauti vimekwenda. Weka mita kwenye gridi hiyo. Ukiona hata volti moja chanya, ikate kapasita hiyo siku hiyo hiyo.

Kapasita mbadala hazihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Televisheni za zamani zenye mgongo, ambazo mafundi wa Kitale na Bungoma wamezirundika nyuma ya vibanda vyao, zimejaa kapasita za plastiki za volti 400 na 630, imara kuliko zile za karatasi zilivyopata kuwa. Mimi hupenda kuificha kapasita mpya ndani ya gamba la ile ya zamani: unalipasha moto gamba, unatoa nta na karatasi, unaingiza mpya, unaziba. Inachukua muda, lakini anayekuja kuifungua redio baada yako ataiona ilivyotoka kiwandani.

Kapasita kubwa za kuchuja umeme zina tabia nyingine. Zikikaa miaka bila umeme, utando ulio ndani yake unaliwa, na ukizipa volti zote kwa ghafla zinaweza kupasuka. Zipe umeme kupitia resista ya omu 100,000 na uangalie mita. Volti zitapanda polepole, labda kwa saa kadhaa, kadiri utando unavyojijenga upya. Zikigoma kupanda, au gamba likipata joto, tupa. Resista nazo zipime moja moja. Zile za kaboni hupanda thamani kadiri zinavyozeeka, na iliyozidi asilimia 20 juu ya thamani yake haina haja ya kuhurumiwa.

Valvu huogopwa zaidi ya zinavyostahili. Nyingi bado ni nzima, na za akiba zinapatikana kwa sababu Wasovieti waliunda nakala za aina hizi kwa miaka mingi baada ya vita. Ile kubwa ya kupeperushia, 807, nayo ilikuwa na nakala yake huko.

Tumefika kwenye umeme wenyewe. Seti Na. 19 ina kisanduku chake cha umeme, na ndani yake mna dainamota mbili, yaani mota na jenereta zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Zinapokea volti 12 za betri. Moja inatoa volti 275 za valvu za kawaida, nyingine volti 500 za ile 807. Filamenti za valvu zimepangwa zigawane volti 12 hizo hizo. Ukijumlisha vyote na kukumbuka kwamba dainamota hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto, kupeperusha kutakula ampea 10 au zaidi kidogo. Kusikiliza peke yake kunakula pungufu ya hapo.

Ampea 10 kwa volti 12 ni jambo ambalo fundi aliyezoea kufunga taa za nyumba hulichukulia wepesi. Chukua waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, uweke betri mita 5 kutoka kwenye redio. Kwenda na kurudi ni mita 10 za shaba, na waya huo utakula zaidi ya volti 1 njiani. Betri ina 12.5, redio inapata 11 na ushei, filamenti zinafifia, dainamota inazunguka kwa uvivu, na mwenye redio anaanza kulaumu valvu. Waya wa milimita za mraba 6 kwa umbali huo huo hupoteza robo ya volti tu au zaidi kidogo. Nunua huo. Weka fyuzi ya ampea 20 palepale kwenye nguzo ya betri, wala si kwenye redio, kwa sababu waya ukichunika katikati na kugusana, fyuzi iliyo mwisho wa safari haitauzuia moto.

Betri ya risasi ya ampea-saa 100 isitumiwe zaidi ya nusu yake kama unataka idumu. Hiyo ni jioni nzima ya kusikiliza na kuzungumza kwa kiasi. Paneli ya wati 100 itairudishia ampea 5 hivi jua likiwa kali, na huku jua kali hupatikana asubuhi hadi mchana, kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika. Jihadhari na jambo moja: wakati sola inachaji kwa nguvu, betri hupanda hadi volti 14.4. Filamenti iliyopangiwa volti 6.3 inajikuta kwenye 7.2, na valvu ya zamani haipendi hilo. Sikiliza jua likishazama, au ondoa paneli kwanza. Betri ikae penye hewa, kwa kuwa ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto.

Dainamota inahitaji mikono yako kabla ya umeme. Grisi ya zamani imeganda ikawa gundi. Toa kifuniko, safisha beringi kwa mafuta ya taa, zikaushe, tia grisi mpya kidogo. Vuta brashi za kaboni moja moja na uweke alama ya upande zilikotoka, maana kila brashi imekwisha kujichonga kulingana na shaba inayoigusa. Ukizigeuza zitatoa cheche. Zungusha mhimili kwa kidole. Ukizunguka bila kukwama, ipe dainamota volti 12 bila kuiunganisha na redio. Utasikia mlio unaopanda, kisha unatulia kwenye uimbaji mwembamba ambao waliowahi kukaa kwenye magari ya jeshi hawausahau. Pima volti 275. Zikiwepo, acha izunguke nusu saa na uguse beringi: uvuguvugu ni sawa, joto la kuunguza si sawa.

Wapo wanaoing'oa dainamota na kuweka saketi ya kisasa ya kupandisha volti. Ni nyepesi na haipigi kelele. Mimi nakataa. Redio hiyo imesafiri miaka zaidi ya 80 na moyo wake. Kuutoa ili kuokoa ampea chache ni kuiharibu kwa jina la kuitengeneza. Kama dainamota imeungua kabisa, tengeneza umeme wako ndani ya sanduku la pembeni, na uache la asili likae mahali pake na waya zake.

Kwa redio za kubebwa mgongoni hesabu ni nyingine. Seti Na. 18, waliyotumia askari wa miguu, ilitumia betri kavu kubwa yenye volti 162 kwa valvu na volti 3 kwa filamenti. Betri hiyo haitengenezwi tena. Lakini betri ndogo 18 za volti 9, zile za mraba, zikiungwa kwa mfululizo zinatoa volti 162 kamili, na mkondo unaohitajika ni mdogo kiasi cha kuziwezesha kudumu. Zifunge ndani ya sanduku, maana volti 162 za betri kavu zinauma kama za ukutani.

Na kipokezi chenye transfoma yake ya umeme wa Kenya Power, kama ile R107 nzito ya Waingereza inayokubali umeme wa nyumba na volti 12 pia? Kiwashe mara ya kwanza kupitia balbu ya kizamani ya wati 60, ile ya filamenti, iliyoungwa kwa mfululizo na waya wa umeme. Kama ndani kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na redio itapona. Kama ni kizima, itamulika kidogo na kufifia. Balbu hizo zinaadimika tangu watu wahamie LED. Ukiziona dukani, weka akiba. Na umeme ukipotea usiku, chomoa kabisa, kwa kuwa unaporudi huja na kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachomaliza transfoma za zamani.

Nimesema nyumba ya Misikhu inafaa, na sababu kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Mawimbi kati ya megahezi 2 na 8 huharibiwa na kelele za umeme: chaja za simu, taa za LED, inverta, hata kontrola ya sola yenyewe. Mjini kelele hizo hazinyamazi. Hapa, umeme unapopotea kijiji kizima na redio yako iko kwenye betri, mvumo wote unaanguka na stesheni za mbali zinajitokeza moja baada ya nyingine. Kituo kizuri hushinda mtambo mzuri, na hata Waingereza walilijua hilo kwa gharama. Baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo mnamo Aprili 1942, kikosi chao cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya jeshi la maji la Japani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Walikuwa na vipokezi bora na wafumbuaji stadi, na mwaka huo huo walifumbua msimbo wa meli za biashara za Japani. Lakini mawimbi kutoka mashariki yaliwafikia yakiwa hafifu mno, wakarudi Colombo mwaka wa 1943.

Kwa eriali, tafuta mikaratusi miwili. Ukitaka kufanya kazi karibu na megahezi 7.1, kata waya wa jumla ya mita 20, uugawe katikati mita 10 kila upande, na utenganishe ncha kwa vipande vya bomba la plastiki. Usihangaike kuupandisha juu sana. Ukiwa chini kiasi, mawimbi yanakwenda juu wima na kurudi kama mvua, yakimwagikia Kitale, Kapenguria na Kisumu bila kujali Mlima Elgon wala vilima vya Chetambe. Mchana utawapata wa karibu. Usiku, mbali zaidi.

Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na sisi tumo ndani yake. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa mlima, chomoa eriali, itupe nje ya dirisha, na uiunganishe na fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini. Usingoje ngurumo ya kwanza.

Hatari iliyo ndani ya sanduku ni volti 500, na hizo zinaua. Kapasita hushikilia umeme baada ya kuzima, kwa hiyo zimwage kwa resista kabla ya kugusa, na ukipima ikiwa imewashwa, mkono mmoja ubaki mfukoni. Baadhi ya mita na saa za wakati wa vita zilipakwa rangi yenye rediamu ili zing'ae gizani. Usifungue vioo vyake, usikwangue, na watoto wasichezee. Nawa mikono baada ya kulehemu.

Halafu kuna sheria, na eneo letu lina sababu yake ya kuizingatia. Watu wa Mlima Elgon hawajasahau mwaka wa 2008, wakati jeshi lilipoendesha Operesheni Okoa Maisha. Sanduku la kijani lenye eriali ndefu juu ya paa linaweza kumtia jirani hofu ambayo hukuikusudia. Mwoneshe jirani. Mweleze chifu. Na kabla ya kubonyeza maikrofoni, pata leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa sababu chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 kuutumia mtambo wa kupeperusha bila leseni ni kosa. Wenye leseni hupewa jina la kituo linaloanza na 5Z4, lililochukua nafasi ya VQ4 ya enzi ya ukoloni. Ukishalipata, Seti Na. 19 inaweza kuzungumza tena kihalali, kwa wati zake chache, katika masafa yaliyotengewa wapenzi wa redio.

Nina ombi moja kwa msomaji wa barabara hii ya Webuye hadi Kitale. Dainamota ina shaba, na shaba ina bei, kwa hiyo wanunuzi wa vyuma chakavu wanazivunja redio hizi kwa nyundo wapate kilo mbili tatu. Ukiiona moja kwenye mizani yao, ilipie bei ya shaba hiyo, ukaiweke mahali pakavu. Ya kuitengeneza utayajua baadaye.